Vyeti Shingoni mwa Chatu

Hapo kale na kale, enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba zao, mafiga yao na viti vya kukaribishia wageni, palikuwa na bonde likiitwa Kidumbwe. Sogeeni karibu, wanangu. Anayetaka kwenda haja aende sasa hivi, maana nikifika pangoni sitaki mtu anikatishe.

Kidumbwe palikuwa pazuri sana, ila msimu wa ukungu. Na ukungu wa Kidumbwe haukuwa ule wa kuondoka jua likichomoza. Uliingia, ukakaa, ukalala, ukaamka. Mtu alinyoosha mkono asiuone. Jirani akitoka kwenda kuomba moto nyumba ya pili, alizunguka mpaka akajikuta anabisha hodi kwake mwenyewe. Wengine walitumbukia korongoni, na kelele zao zilisikika. Wengine walipotea kimya kimya, bila hata jani kulia, na hao ndio waliowatia watu hofu zaidi.

Msimu mmoja wanyama wakakubaliana kwamba hali hiyo haivumiliki. Bonde zima litandaziwe mtandao wa kamba. Kila nyumba iwe na kamba yake mlangoni, ipite mti kwa mti mpaka barazani. Ukungu ukishuka, unashika kamba, unaifuata, unafika. Wazo zuri kabisa, sina neno nalo. Kilichobaki ni kutafuta fundi.

Basi likaundwa baraza la kuajiri. Mwenyekiti akawa Mzee Kiboko, na wajumbe wake wakawa Kifaru na Tembo. Mnaona mpangilio huo? Wote wakubwa. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuingia mdomoni mwa mtu. Digidigi hakuwemo, Kanga hakuwemo, Panya hakuwemo. Likumbukeni hilo.

Mzee Kiboko alikuwa mtu wa utaratibu. Alitangaza kwamba asiye na cheti asipoteze muda wake kuja.

Na hapo niwaeleze, maana siku zile cheti hakikuwa karatasi. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na chuo cha Mwalimu Kobe. Mwanafunzi akishaiva katika kusokota kamba na kuzitandaza, Mwalimu Kobe alikanda udongo bapa kama chapati, akamwambia mhitimu aukanyage, kisha akauchoma motoni mpaka ukawa mgumu. Upande mmoja unyayo wa mhitimu, upande wa pili muhuri wa chuo. Kikatobolewa tundu, kikatiwa ugwe, kikavaliwa shingoni.

Sasa, kumwonyesha mtu unyayo wako ni utovu wa adabu. Hata nyinyi mkinyoosha miguu mbele ya babu yenu si mnakemewa? Kwa hiyo cheti kilivaliwa unyayo ukielekea kifuani na muhuri ukielekea kwa watu. Kumwambia mtu ageuze cheti chake ilikuwa sawasawa na kumwita mwizi mbele ya wakwe zake. Hakuna aliyethubutu.

Katika bonde hilo aliishi Bi Sange. Sange mnamjua, yule mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia na miguu myembamba ya mbio. Kazi yao ni njia. Kila asubuhi hufagia vijia vyao, jani hili kushoto, kijiti hiki kulia, mpaka njia inang'aa. Bi Sange alikuwa na kaka yake mmoja tu duniani, fundi wa kamba aliyehitimu kwa Mwalimu Kobe mwenyewe. Walimwita Kigutu, kwa sababu mtego uliwahi kumkata kidole cha nje cha mguu wa kulia.

Kigutu alisokota kamba kwa kuibana na vidole vya miguu. Kwa kuwa kimoja hakikuwepo, kamba yake ililala kidogo upande wa kushoto. Wateja walimtania kwamba kamba zake zimelewa. Yeye alicheka tu, na kamba zake hazikukatika.

Msimu uliotangulia Kigutu aliitwa kazini bonde la pili. Akavaa cheti chake, akambusu dada yake, akaenda, hakurudi. Bi Sange hakulia mbele za watu. Ila kila asubuhi, akimaliza kufagia kijia chake, alivuka na kufagia na kile cha kaka yake, ili siku akirudi asijikwae.

Alipolisikia tangazo la baraza, Bi Sange alikwenda kuomba ile kazi. Aliifahamu, kwa maana tangu utotoni alikuwa akimsaidia kaka yake. Mzee Kiboko alimsikiliza vizuri, akamuuliza kiko wapi cheti. Alipojibu kwamba hana, Mzee akamshukuru kwa kuja na kumtakia kila la heri. Mnajua mtu akikutakia kila la heri namna ile, maana yake toka.

Alikuwa bado mlangoni pale sauti ilipotoka ndani ya ukungu.

Ko... ko... ko...

Udongo mgumu ukigongana na udongo mgumu. Sauti ilikuja polepole, bila vishindo vya miguu. Vibanda vilinyamaza. Kanga aliyekuwa akipiga soga na mwenziwe alikatiza neno katikati. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, akaingia Chatu.

Alikuwa mrefu hata mkia wake ulibaki nje. Shingoni alivaa vyeti, si kimoja, si viwili, rundo zima, mihuri yote ikielekea mbele na kumetameta kwa umande. Alivikung'uta kidogo. Ko, ko. Akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, akasema kwa sauti laini:

"Wazee wangu, shikamooni. Nimesikia mnatafuta fundi."

Wanyama wadogo walirudi nyuma wote kwa pamoja. Chatu akawatuliza. Alisema asihukumiwe kwa ukoo wake. Nyama aliacha zamani, tangu alipoanza kula jasho la mikono yake. Ndiyo, mikono yake! Nanyi mnacheka. Barazani hakucheka mtu. Kifaru, ambaye macho yake ni ya kukisia tu, alisogeza pua mpaka kwenye mihuri, akaihesabu kwa midomo, akageuka na kunong'ona kwamba hajapata kuona msomi wa kiwango kile.

Digidigi mmoja alijikaza akauliza utakuwaje usalama wao, wanyama wadogo. Mzee Kiboko akamjibu kwamba chuo hakiwezi kumhitimisha mtu mbaya mara zote hizo. Kazi ikapewa Chatu.

Chatu alikuwa na sharti moja: asiangaliwe akifanya kazi, kwa sababu macho ya watu huharibu mkono wa fundi. Baraza likakubali. Basi kila ukungu ulipokuwa mzito zaidi, watu walifunga milango na kusikiliza. Ko... ko... ko... nyuma ya nyumba. Kisha kimya. Wakifungua mlango wanakuta kamba imefungwa kwenye mwimo, imekazwa vizuri, inaondoka kuingia weupeni. Walisifu sana. Kweli zilikuwa kamba nzuri.

Kamba ya Bi Sange ilikuja ya mwisho, siku moja kabla ya sherehe ya kufungua mtandao. Alitoka na ufagio wake, akaiona, akaweka mkono juu yake.

Ililala kidogo upande wa kushoto.

Ufagio ulimdondoka. Aliipapasa tena, juu, chini, akainusa. Hakuna mwingine duniani aliyesokota hivyo. Moyo wake uliruka kwa furaha mpaka ukamuuma. Kaka amerudi! Amerudi, anafanya kazi na huyu Chatu, labda ndiye msaidizi wake, labda amechoka hajafika nyumbani bado. Hakusubiri kufikiri. Alishika kamba akatimka nayo, tiki tiki tiki, ndani ya ukungu.

Kamba ilipita mtini kwa Digidigi, kama ilivyopaswa. Ikapita karibu na kibanda cha Kanga. Ilipofika mahali pa kupinda kuelekea barazani, haikupinda. Ilishuka. Bi Sange alisita kidogo, kisha akajiambia fundi huwa na sababu zake, akaendelea. Kamba nyingine zikatokea ukunguni kushoto na kulia, kamba za nyumba nyingine, zote zikishuka pamoja naye upande ule ule. Miti ikaisha. Ardhi ikawa mawe. Hewa ikawa na harufu ya mahali ambapo jua halijawahi kuingia.

"Kaka?" aliita, kwa sauti ndogo.

Hakujibiwa. Aliendelea kwenda, mkono wake ukiteleza juu ya kamba, nyuzi za mkonge zikimchomachoma kiganja. Kisha zikaacha kumchoma. Kamba ikawa laini. Ikawa nene. Ikawa baridi. Halafu, chini ya kiganja chake, kamba ikavuta pumzi.

Bi Sange hakuondoa mkono. Alielewa kwamba akiondoa mkono amekwisha. Alisimama vilevile, pua yake imetulia kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Taratibu akaanza kuona. Mbele yake palikuwa na mdomo wa pango. Kamba zote za bonde ziliishia pale, zimefungwa kwenye jiwe moja. Kando ya jiwe kulikuwa na marobota ya kamba zilizosokotwa zamani, kila robota na mkono wa fundi wake, na vifaa vya kazi vimepangwa vizuri: sindano za mfupa, visu vidogo, mikoba ya mafundi. Mkoba mmoja ulikuwa na kiraka. Kile kiraka alikishona yeye.

Hapo furaha ile yote ilimtoka. Alijua kaka yake hayuko safarini, na kwamba hatakuja kujikwaa popote.

"Umekuja mapema, dada," ilisema ile sauti laini juu ya kichwa chake. "Sherehe ni kesho."

Mtu mwingine angekimbia, na mbio za sange ni mbio kweli. Lakini katika ukungu angekimbilia wapi? Bi Sange akasema neno la kwanza lililomjia.

"Nimetumwa na baraza, Fundi. Nije nipime shingo yako."

Kichwa kikubwa kikashuka hadi usawa wa uso wake. "Ya nini?"

"Bonde linataka kukutunuku cheti chake. Kikubwa kupita vyote ulivyonavyo. Mzee Kiboko atakivisha mwenyewe kesho barazani, watu wote wakishafika. Sasa niliambiwa nisirudi bila kipimo, maana kikibana itakuwa aibu."

Chatu alimtazama kama mtu anayetazama chungu jikoni, anajua kitaiva tu. Kisha, wanangu, akatabasamu. Maana mwizi wa vyeti ana ugonjwa mmoja: havimtoshi.

"Pima," akasema, akainua shingo.

Ko, ko, ko. Vyeti vikaning'inia, vikajigeuza hewani. Bi Sange alikuwa chini yake kabisa, mdogo kiasi kile, akaona ambacho hakuna mkubwa aliyewahi kukiona. Aliona nyayo. Unyayo wa ngedere. Unyayo wa pimbi. Kwato nyembamba za paa. Na katikati, mdogo, mzuri, umekaa udongoni kana kwamba ulikanyagwa jana, unyayo wa kulia wa sange usio na kidole cha nje.

Alitaka kuushika. Alijizuia. Alizungusha utepe wa nyasi shingoni mwa Chatu, akafunga fundo la alama, akashukuru. Chatu akamwambia aende salama, asijali njia, kwani kesho kamba itamleta tena.

Alirudi mbio moja kwa moja mpaka kwa Mzee Kiboko, akamweleza yote huku pumzi zimemkatika. Kamba haziendi barazani, zinaishia pangoni. Mkoba wa kaka yake uko kule. Na vile vyeti si vyake, nyayo zilizomo ni za mafundi wengine, waliopotea.

Mzee Kiboko aliweka kikombe chake chini. Uso wake ulikuwa umeingiwa na hofu kweli, lakini si kwa lile alilodhani Bi Sange.

"Umechungulia nyuma ya cheti cha mtu?"

"Mzee Mwenyekiti, kaka yangu ameliwa."

"Na ukautazama unyayo wake?"

"Unyayo gani, Mzee? Chatu ana mguu gani?"

"Hayo ya miguu ya mtu ni matusi!" Mzee alisema, na mashavu yake yakatikisika. Akamwonya kwa upole wa mtu mkubwa. Alisema wivu wa kazi ni kitu kibaya. Alisema asiye na cheti hana uwezo wa kuikosoa kazi ya mwenye vyeti, ndiyo maana ya vyeti. Kuhusu njia ya kamba, fundi huwa na mchoro wake. Akamalizia kwamba, ili kuondoa maneno ya chinichini, kesho nyumba ya Bi Sange ndiyo itakayofungua mtandao. Yeye atashika kamba kwanza, peke yake, na wadogo wengine watamfuata mmoja mmoja.

Bi Sange alisimama pale akimtazama. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na majonzi, na chini ya majonzi kulikuwa na kitu kidogo kikali kilichokuwa kimeanza kufanya kazi. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa tamu.

"Nimekosa, Mzee. Nisamehe. Ila nina wazo la kunifutia aibu. Kwa nini bonde lisimtunuku fundi cheti chake? Chenye muhuri wako."

Kiboko akanyanyua masikio yake madogo. "Muhuri wangu?"

"Wako peke yako. Kikubwa kama ungo. Nitakifinyanga mimi, kama toba. Na nilikuwa nasema, hivi inafaa kweli kitu cha kwanza kupita kwenye njia mpya kiwe mguu wa mtu mdogo kama mimi? Heshima ndiyo ipite kwanza. Cheti kitangulie kwenye kamba, na nyuma yake afuate mgeni rasmi, akiwa ameshika kamba kwa mkono wake mwenyewe."

"Mgeni rasmi," Kiboko alirudia polepole, akijionja mwenyewe. "Huyo atakuwa nani?"

Bi Sange akainama. "Tuna mwingine?"

Basi alifinyanga. Alikanda udongo wa kichuguu, akautandaza mpana kama ungo kweli, akauwekea masikio mawili makubwa, kulia na kushoto, yaliyochomoza kama mapembe. Mzee Kiboko alipouliza ya nini, aliambiwa ni ya ugwe, maana shingo ile ni nene. Upande mmoja Mzee akabandika pua yake, ndio muhuri. Upande wa pili Bi Sange aliuacha mtupu, laini, bila alama yoyote.

Asubuhi ya sherehe ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Bi Sange alikitoa cheti motoni kikiwa bado na joto, si la kuunguza, ila joto la mwili wa mtu. Akachukua blanketi lake analolalia, lile lenye harufu yake yote, akakiviringisha nalo, akalikaza kwa nyuzi. Akakitundika kwenye kamba kwa kitanzi kilichopakwa mafuta. Kisha akamwendea Tembo barazani, akamwomba acheze ngoma ya ufunguzi, na asipumzike mpaka aitwe. Tembo hakuwahi kuombwa acheze hata mara moja maishani mwake. Aliianza pale pale, ndu! ndu! ndu! mpaka ardhi ya bonde zima ikawa inatetemeka, na hapakuwa na mtu, hata Chatu pangoni, ambaye angeweza kutofautisha kishindo kimoja na kingine.

Wakaondoka. Bi Sange mbele na blanketi lake likiteleza kwenye kamba, Mzee Kiboko nyuma yake, na Kifaru nyuma ya Kiboko. Bi Sange alikuwa amewaambia kwamba msafara wa heshima hauzungumzi. Walipita mti wa Digidigi. Walipita kibanda cha Kanga. Milangoni wadogo walikuwa wamesimama, mmoja mmoja, wakisubiri zamu zao, na hakuna aliyepunga mkono.

Kamba ilipoanza kushuka, Kiboko aligutuka. Barazani ni juu, alinong'ona. Bi Sange akaweka kidole mdomoni.

Walipofika kwenye mawe alisimama. Mbele yao palikuwa na weupe tu, na ile harufu. Bi Sange alikohoa kikohozi kidogo cha mtu mwoga anayekuja peke yake. Akasema, kwa sauti ya kutetemeka ambayo haikumlazimu aigize:

"Hodi, Fundi. Kamba imenileta."

Akaachilia kitanzi. Blanketi likateleza chini, swiii, likapotea ukunguni.

Mzee Kiboko aliusikia moyo wake mwenyewe.

Kisha: *ngap!*

Halafu ikaanza sauti ambayo Kiboko hakuisahau mpaka anaingia kaburini. Sauti ya kitu kinachovutwa ndani polepole, kitambaa kikikwaruza, taya zikijiachia moja baada ya nyingine. Hapakuwa na mngurumo. Ilikuwa sauti ya mtu mtulivu anayekula chakula alichokizoea. Ikaendelea. Ikakwama. Ikavuta tena, ko! na safari hii ilikuwa sauti ya udongo ndani ya koo.

Upepo ukapita korongoni, ukungu ukapasuka, wakaona.

Waliona kamba zote za Kidumbwe zikiishia kwenye jiwe moja. Waliona mikoba iliyopangwa. Na waliona Fundi Chatu, kinywa chake kimeachama upana wa ungo, masikio mawili ya udongo yamejipachika kwenye pembe za taya zake, blanketi limenasa kwenye yale meno yake yanayotazama ndani. Hakuweza kumeza. Hakuweza kutema. Na katikati ya kile kinywa, mbele kabisa, ilionekana chapa ya pua ya Mwenyekiti.

"Fundi," alisema Mzee Kiboko, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, "mbona umekula cheti?"

Chatu alimtazama. Macho yake hayakuwa na haya wala hasira.

"Hakujua ni cheti, Mzee," alisema Bi Sange. "Alijua ni mimi. Sasa geuza vile vya shingoni."

Na hata hapo, wanangu, hata hapo mzee yule alisita! Adabu ilikuwa imemkaa mifupani. Aliangalia kushoto na kulia, asionekane. Ndipo akanyoosha mkono, akashika cheti cha kwanza kwa ncha za vidole, akakigeuza. Ngedere. Akageuza cha pili. Pimbi. Akageuza vyote, kimoja baada ya kingine. Kifaru naye alisogeza pua kama siku ile, ila safari hii alinusa upande wenye nyayo, akaanza kulia, maana pimbi yule alikuwa mpangaji wake wa zamani, ambaye yeye Kifaru alidhani amehama.

Kilipofika cha kaka yake, Bi Sange alisema, "Hicho nipe."

Akakiweka chini juu ya jiwe. Akauweka mguu wake wa kulia ndani ya ule unyayo. Uliingia sawasawa, ila kidole chake cha nje kilibaki nje, juu ya udongo mtupu. Akasimama hivyo, mguu wake ndani ya mguu wa kaka yake, akalia kilio chote alichokuwa amekiweka akiba tangu msimu uliopita. Wale wakubwa wawili waliangalia pembeni wakamwacha.

Chatu alijivuta kinyumenyume mpaka kwenye ukingo, mdomo wazi, akashuka korongoni. Hakuonekana tena. Lakini watu wa Kidumbwe wanasema kwamba ukungu ukiwa mzito na upepo ukipanda kutoka kule chini, hutoka mluzi mrefu, wa upepo unaopita kwenye kinywa kisichofungika.

Bonde likahitaji fundi upya. Kiboko, kwa aibu, alimpa Bi Sange kazi pale pale, akasema kuanzia leo vyeti vimefutwa, hataki hata kuvisikia. Na hapo Bi Sange akawashangaza wote. Alikataa.

"Usivifute, Mzee," alisema. "Cheti cha kaka yangu ndicho pekee kilichosema kweli bonde hili. Kilikuwa kinasema kila siku, mbele ya macho yenu. Hamkukigeuza."

Alivuka kilima kwenda kwa Mwalimu Kobe, akasoma, akajaribiwa, akakanyaga udongo. Aliporudi alisokota kamba mbele ya watu wote, mchana kweupe, anayetaka kuangalia aangalie. Kila kamba ilifika barazani. Na cheti chake alikivaa unyayo ukielekea nje. Walioona vibaya mwanzoni walizoea, na mwishowe bonde zima likavaa hivyo.

Cha Kigutu alikitundika mlangoni pake, kinapogongwa na upepo kinalia ko, ko, na yeye anaamka kwenda kufagia vijia viwili.

Hadithi yangu imefika mwisho wa kamba, na neno lake ni hili tu: anayekuonyesha cheti mheshimu, kisha kigeuze uone kama mguu ni wake.